Nilizima taa za magari saba bila kujaza upepo

Mama Irakoze, wewe unayewajibu watu gazetini kila Ijumaa huko Louisville, pokea salamu za mama mmoja wa Buffalo ambaye leo hana usingizi wala hamu ya chakula, unishike mkono kabla sijaharibikiwa kabisa. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, sikumtuma mtu aniandikie, maana haya mambo anayajua mtoto wangu mmoja tu, na ndiye aliyenifungua macho, na tangu siku ile kila nikisikia gari linapita hapa kwetu Black Rock nakwenda dirishani kutazama pine zake.

Kwanza ujue mimi ni nani, usije ukadhani ni mtu wa ovyo. Nilisoma hadi darasa la sita tu kule Walungu, vita ikanitoa shuleni, lakini nimelea watoto wanne na wote wamesimama, na wa kwanza, Clémence, anakaa Westerville, pale juu ya Columbus, ni injinia wa pine za gari, wengine mnasema tairi, ana cheti chenye muhuri na ovaroli yenye jina lake kifuani, na wazungu wanaume wanakaa kwenye kiti wanangoja Clémence awaambie gari lao lina nini. Picha yake na ile ovaroli nimeitundika sebuleni juu ya televisheni, mgeni hawezi kukaa bila kuiona. Na mimi mwenyewe nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, nawapima presha asubuhi na jioni, miaka saba sijaandika namba ya uongo hata siku moja.

Bon. Mwezi wa kumi, baridi ya kwanza ilipoingia, gari langu liliwasha taa ya manjano mbele pale, ile inayofanana na sufuria iliyopasuka mdomo na alama ya mshangao ndani yake, nikaogopa, nikampigia Clémence kwa video. Akaniuliza kama nimejaza upepo, nikamwambia ndiyo, maana kweli jana yake Bwana Bagula jirani alinijazia pine zote nne kwa mashine yake, ila taa ilibaki inawaka. Ndipo akanielekeza: mama, washa ufunguo bila kuwasha injini, ingiza mkono chini ya usukani upande wa goti la kushoto, kuna kifungo kidogo, kibonyeze ukishikilie hadi taa ipepese mara tatu, halafu endesha. Nikafanya. Ikapepesa mara tatu, ikazimika. Mama Irakoze, nililia. Mtoto niliyembeba mgongoni kuvuka mpaka ananitengenezea gari akiwa Ohio, nami niko New York.

Sasa wewe unajua Jumapili kuna nafasi ya ushuhuda. Nikasimama. Nikasema Mungu amenipa binti anayetengeneza gari kwa simu, na mimi mama yake amenifundisha. Watu wakapiga makofi, hata Mchungaji Ezéchias akasema huyo ni mtoto wa baraka. Kutoka nje, wamama wawili wananingoja kwenye maegesho, taa zao zinawaka vilevile, maana baridi ilikuwa imetupata wote. Nikainama, nikatafuta kifungo, taa ikazimika. Jumapili iliyofuata wakaja wengine. Gari ambazo hazina kifungo nilimtumia Clémence ujumbe nikamwuliza taa ya gari la aina fulani inazimwa wapi, akaniandikia ingia kwenye skrini sehemu ya mipangilio, naye alidhani nauliza kwa kutaka kujua tu. Wakaanza kuniita Daktari, na mimi, sikufichi, nilikipenda hicho cheo.

Upepo sikujaza. Hata mmoja. Mama, usiniulize kwa nini, nitakuambia. Mimi ile ya upepo niliiona kama kunawa mikono kabla ya kula, jambo zuri, lakini chakula ni chakula, na chakula kilikuwa kifungo. Na kuna lingine linaloniaibisha zaidi. Gari zingine hazionyeshi sufuria peke yake, zinaandika kabisa kwa Kiingereza kwamba presha iko chini, na mimi nikawaambia wamama kwa sauti ya mtu wa kazi hiyo kwamba presha kushuka siyo neno, ile inayopanda ndiyo inaua watu, mimi naipima kila siku. Vestine, ambaye anameza dawa za presha, alicheka hadi akashika mlango wa gari lake, akasema, "Basi hili gari liniambukize na mimi." Nikainama nikaizima taa yake. Ilikuwa gari la saba.

Huyo Vestine na mume wake Rugamba wanakaa West Side, ni watu wa milimani, wapole, tunaimba nao. Siku sita baadaye walishuka Columbus kwenye harusi, Rugamba anaendesha, Vestine kando yake, nyuma waimbaji wawili na masanduku na sufuria za watu. Kabla hawajafika, kwenye barabara kuu, pine ya nyuma ikapasuka, gari likazunguka na kupiga chuma cha pembeni. Nilipopigiwa simu nilikuwa kazini, nimemfunga mzee mmoja kitambaa cha presha mkononi, nikamwacha hivyo hivyo nikatoka koridoni. Hakufa mtu. Waimbaji walitoka na mikwaruzo. Vestine mkono wa kulia ulivunjika sehemu mbili, wakamwekea chuma, na ndio mkono wa kazi yake ya kufunga maboksi ghalani, na daktari hajasema utarudi sawa.

Clémence alikwenda hospitali kuwapokea kwa niaba yangu, halafu akapita pale gari lilipovutwa ili achukue masanduku yao. Akanipigia akiwa pale. Mtoto huyu huwa ananijibu kwa Kiingereza, siku hiyo alisema Kiswahili tupu, polepole, na hapo nilijua kuna jambo. Akasema, "Mama, siyo ile iliyopasuka tu. Hizi tatu zilizobaki nazo ni laini kama mkate. Gari hili lilipaswa kupiga kelele. Nani alilinyamazisha?"

Akakumbuka zile jumbe zangu za kuuliza taa inazimwa wapi, akaniuliza kama alinifundisha kuzima au kujaza. Akanieleza kwamba ukibonyeza kifungo gari linasoma upepo uliopo saa hiyo na kuamini kwamba ndio upepo wake halali, donc, yaani, mimi nililifundisha gari la Vestine kwamba kukonda ndio unene wake. Halafu akaanza kulia, mkubwa yule na ovaroli yake, akasema watu watasema ni yeye.

Nimalizie, hapa ndipo pabaya. Jumamosi wazee wa kanisa waliketi kwa ajili ya Rugamba. Kaka yake Vestine alisema shemeji yake alisinzia, kwa sababu anafanya zamu ya usiku kiwandani. Rugamba akasema, "Sikulala. Nilisikia kishindo, usukani ukanivuta." Alisema mara mbili. Akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta shahidi. Na mimi nilikuwa nimekaa pale, nimealikwa kama mama mshauri wa kwaya, na Mchungaji akaniuliza naonaje. Mama Irakoze, kinywa hiki kilisema, "Shemeji, kazi ya usiku inachosha, kubali tu, upumzike." Nilisema kwa upole kabisa, hata nikamgusa bega. Hapo kikao kikaisha. Wamemnyang'anya kuendesha watu wa kwaya, anapanda basi kwenda kiwandani na begi lake la chakula, na Vestine amehamia chumba cha watoto, anamtazama mume wake kama mgeni aliyekosea nyumba. Shetani alinikalia ulimini siku ile.

Na gari sita bado zinatembea. Nilijaribu kulitengeneza jambo hili kimya kimya, nikanunua kipimo cha upepo, nikaenda alfajiri kwa Mama Bagula, mke wa yule jirani, maana gari lake mwenyewe pia nililizima, nikachuchumaa kwenye pine ya nyuma, naye akaniona dirishani. Aliniuliza natafuta nini chini ya gari lao. Nikasema hereni. Alinitazama masikioni, zote mbili zimo. Sasa nasikia anawaambia watu kwamba kuna mtu anaweka vitu chini ya magari, na unajua sisi watu wa kwetu neno hilo linaenda wapi.

Alhamisi hii magari matano yanashuka huko kwenu Louisville kwa mkutano wa makanisa, na matatu kati yake nimeyazima mimi. Clémence amesema nikinyamaza yeye hatakanyaga mkutanoni wala hatanipigia. Nikisema, jina la mtoto wangu limekwenda, cheti chake kimekuwa kicheko, na mimi nitasimama wapi kanisani. Niambie kuna njia ya kuwaokoa watu bila kusema kwamba ni mimi. Jina langu usiliweke.

Ni mimi mama wa Black Rock.

*

Mama wa Black Rock,

Barua yako ilinifikia Jumatatu mchana nami nikaisoma nimesimama, na nilipofika kwenye neno Alhamisi niliacha kusoma nikakupigia kwa namba uliyoandika kwenye bahasha. Wasomaji wajue hivyo: ushauri mwingine hungoja gazeti, huu haukungoja. Nilikuomba majina ya wenye magari sita, ukaniambia utawapigia mwenyewe kabla ya jua kuzama, na umewapigia. Jana uliniambia yote sita yamepimwa. Asante. Wawili walikuta tairi zimeshuka hadi ishirini na mbili wakati gari linataka thelathini na tano.

Sasa tuseme yaliyobaki.

Nimemwita fundi Sipriani, Mtanzania mwenye gereji hapa kwetu, ili nisije nami nikafundisha nusu. Alipoisikia habari yako alivua kofia. Anasema kila mwaka baridi ikianza anapokea magari ya namna hii, kwa sababu upepo ndani ya tairi hunywea kwenye baridi, taa huwaka, na mtu akiona taa huiona taa ndiyo ugonjwa. Sikilizeni basi, na wengine wote mnaosoma. Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, asubuhi kabla ya kuendesha au gari likiwa limelala kwa muda wa saa tatu. Namba unayoitaka imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukifungua mlango wa dereva; ile iliyochongwa kwenye tairi lenyewe ni kikomo cha tairi, usijaze kwa hiyo. Jaza yote manne, ukipima moja moja. Hapo ndipo mkono uende chini ya usukani, au kwenye skrini kwa magari yasiyo na kifungo, halafu uendeshe kama dakika ishirini gari lijisome. Na taa ikipepesa kama dakika nzima unapowasha gari kisha ikaganda inawaka, sensa, yaani kile kifaa cha kupimia upepo, imekufa ndani ya gurudumu au haipo, kifungo hakikusaidii, nenda kwa fundi. Magari mengine hayana haja ya kifungo kabisa, ukijaza upepo na kutembea kidogo taa huzimika yenyewe. Taa ikirudi baada ya siku mbili, tairi linavuja, usiibonyeze tena.

Hayo ni ya gari. Ya kwako ni mazito zaidi, na mimi sitakupapasa.

Kosa la maegesho nakusamehe haraka. Ulimpenda mtoto wako, ukapenda kuitwa Daktari, ukajua kitu kidogo ukakitumia kama kikubwa. Ni nani kati yetu wageni wa nchi hii hajajifunza jambo nusu akalifundisha zima? Na habari ya presha, mama yangu, mwanamke anayeshinda anaipima kwenye mikono ya wazee, neno lilelile aliloandikiwa na gari, ningekuwa mimi ningeelewa vilevile. Ungeishia hapo ningekuandikia mistari mitano.

Lakini hukuishia hapo. Ulikaa kwenye kikao ukijua. Clémence alikuwa amekwisha kukuambia kila kitu, na mtu aliyesema kweli mara mbili mbele yako ukamgusa bega na kumwambia akubali uongo. Unaniandikia shetani alikukalia ulimini. Shetani hakualikwa kwenye kikao kile kama mama mshauri wa kwaya, ulialikwa wewe. Sasa mwanamume hana gari, hana heshima, na kitanda chake kina upande mmoja, na kibaya kuliko vyote, huenda naye ameanza kujiuliza usiku kiwandani kama kweli alisinzia. Hilo umemfanyia wewe, na siyo kifungo.

Nilipokuuliza jana uliwaambia nini wale sita, ulisema uliwaambia Clémence ameshauri watu wapime tairi kabla ya safari ndefu. Kwa hiyo Daktari bado ni Daktari, na sifa imeongezeka. Nilicheka, unisamehe, lakini kicheko hakikuwa kizuri.

Unaogopa jina la Clémence. Nimezungumza naye, ulinipa namba. Binti huyo alilia kwenye uwanja wa magari mabovu kwa ajili ya watu ambao si ndugu zake, na alikuambia maneno magumu bila kukuvunjia adabu. Umemlea vizuri, jivune, una haki. Ila alikufundisha sawasawa, na mradi wewe unanyamaza, yeye anabeba kosa ambalo si lake, kama Rugamba. Unawaficha watu wawili nyuma ya sketi yako na kusema unamlinda mmoja.

Kwa hiyo utafanya hivi. Leo Jumatano, jioni, kabla Rugamba hajatoka kwenda zamu, utakwenda West Side, si kwa simu, na usipeleke chakula mkononi, watu wakiona sahani huanza kukushukuru. Utaomba wote wawili waketi. Sentensi ya kwanza iwe ya Rugamba: "Hukulala, nilijua hukulala, nikasema umelala." Baada ya hapo ndipo ueleze taa. Usilie kabla yao, ukilia wewe watakubembeleza wewe, na siku hii si yako. Wakikufukuza, toka polepole. Vestine akikuuliza kuhusu mkono wake, usimwambie Mungu ana makusudi. Mwambie utakuja kumpikia na kumwogeshea watoto hadi daktari aseme, kisha uende kweli, hata asipokusemesha mwezi mzima.

Kutoka pale nenda kwa Mchungaji Ezéchias. Mwombe awarudishe wazee wale wale, na wewe useme mbele yao, kwa sauti ile ile uliyotumia kwenye ushuhuda. Kama hakuna muda kabla ya safari, Mchungaji mwenyewe awaambie wasafiri kabla gari la kwanza halijaondoka, na wazee waketi mkirudi. Mama Bagula naye mwambie ulikuwa unapima upepo, maneno ya vitu chini ya magari yazimike leo, maana hayo yakishika moto hayataulizia ukweli wako, yatamchoma mjane yeyote aliye karibu.

Sisemi watakusamehe. Vestine ana haki ya kukasirika na sitamwandikia barua ya kumtuliza. Wewe hukuja kwangu kununua msamaha, uliuliza njia ya kuwaokoa watu bila kusema kwamba ni wewe. Njia hiyo umekwisha kuitumia kwa magari. Kwa Rugamba haipo.

Majina nimeyabadilisha yote, na lako halimo, kama ulivyoomba. Lakini mkono uliovunjika njiani kwenda harusi Columbus siwezi kuugeuza mguu, na watu wa Buffalo wanajua kusoma. Haya yote nimekusomea kwa simu asubuhi hii, neno kwa neno, ili usije ukasema hukuonywa. Gazeti hupelekwa mlangoni mwa mkutano Ijumaa saa mbili asubuhi, na Vestine ameandikisha kwangu nakala yake. Asikute humu habari ambayo hakuisikia kwanza kinywani mwako.

Irakoze